Nyumba Yenye Milango Mizuri

Krrr. Tap.

Kimya kidogo. Halafu tena. Krrr. Tap.

Mama Chiriku alifumbua macho. Bado kulikuwa na giza, ingawa mtu mmoja alikuwa ameshaanza kuchota maji bombani. Aliijua sauti ile. Ilikuwa futi ya chuma ya mume wake. Mume wake akikosa usingizi huivuta, kisha huiachia ijirudie yenyewe ndani ya kasha lake.

"Baba Chiriku, unapima nini gizani?"

"Sipimi kitu."

"Mbona futi inalia?"

"Naufikiria mlango wa jikoni. Ule wa kule."

Mama Chiriku hakuuliza kule ni wapi. Tangu Jumapili, neno "kule" lilikuwa na maana moja tu kwao. Kule ni kwenye ile nyumba inayouzwa. Jumamosi walikuwa wapeleke malipo ya kwanza. Hiyo ndiyo ilikuwa akiba yao yote.

"Lala," alimwambia mume wake. Lakini yeye mwenyewe hakulala tena. Alijigeuza huku, akajigeuza kule, mpaka mwanga ukaingia dirishani.

Mume wake alikuwa seremala. Alitengeneza milango na madirisha kwenye karakana ya mtaa wa pili. Mama Chiriku alishona sare za shule. Cherehani yake ilikaa kando ya dirisha linalotazama barabara, na wateja walimjua kwa dirisha hilo. Mtoto wao wa kike alikuwa na miaka sita. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika tangu anapoamka hadi anapolala.

Walikuwa wamepanga vyumba viwili kwa mzee mmoja. Watu walimwita Mzee Funguo, maana alitembea na funguo zote za nyumba kiunoni, zikilia kama njuga.

Vyumba havikuwa na tatizo. Shida ilikuwa kuhamahama. Tangu waoane walikuwa wamehama mara tatu. Nyumba ya kwanza iliuzwa. Nyumba ya pili kodi ilipanda ghafla. Nyumba ya tatu wakwe wa mwenye nyumba walikuja kutembea, wakanogewa, wakataka chumba. Kila mara Mama Chiriku alibeba cherehani yake, akaenda kuanza upya kutafuta wateja.

Sasa alikuwa anaishi mguu ndani, mguu nje. Hakupigilia hata msumari ukutani. Vyombo vya wageni aliviacha kwenye katoni. Komeo la geti likilia tu, moyo unamruka.

Mwezi uliopita Mzee Funguo alisimama getini, akasema, "Kijana wangu anataka kuoa. Basi na hivi vyumba, tutaona."

Tutaona. Neno moja tu, na usingizi ukaisha.

Aliyeleta habari za nyumba inayouzwa alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa Seremala. Wifi alikuwa na nyumba yake mwenyewe, na hakumficha mtu jambo hilo.

"Nyinyi mnamsomeshea mzee watoto wake," alisema. "Kodi yenu imeshanunua bati zote za nyumba ile. Nyinyi mmebaki na nini? Risiti?"

"Hata risiti hatupewi, wifi," Mama Chiriku alijibu.

"Ona sasa."

Wakaenda Jumapili, wote wanne, pamoja na dalali. Dalali alikuwa mtu wa haraka. Alitembea mbele, akaongea mbele, akajibu maswali kabla hajaulizwa.

Nyumba ilikuwa mbali, kupita kituo cha mwisho cha basi, halafu unateremka kilima. Ilikuwa na vyumba vitatu na jiko. Kuta zilipakwa rangi mpya. Chiriku alikimbia chumba hadi chumba akitangaza, "Hiki changu, na hiki changu, na hiki cha mama." Mama Chiriku alisimama katikati ya sebule. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Hapa hakuna mtu atakayesimama getini na kusema tutaona.

Seremala hakutazama kuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye milango. Alifungua mlango wa kwanza, akaufunga. Akapitisha kiganja kwenye ubao. Akachuchumaa.

"Mama Chiriku, njoo uone. Mbao ngumu tupu. Tazama hapa chini. Ubao wa chini umetolewa, ukaungwa mwingine. Kiungo hata wembe hauingii. Huyu fundi ana mkono."

Akaenda mlango wa pili. Nao umeungwa chini. Wa tatu vilevile. Kila mlango alichuchumaa mbele yake, akatabasamu peke yake.

"Mwenye nyumba hii anavijali vitu vyake," alisema.

"Si nilikwambia," dalali alisema. "Na Jumatatu kuna mtu mwingine anakuja, fedha mkononi. Mimi nawapenda nyinyi. Lakini mapenzi yangu hayawezi kumzuia mtu."

"Tangulizeni mlicho nacho," wifi alisema. "Kilichobaki mtakopa. Kila mtu anakopa."

Dalali alikubali kuwasubiri mpaka Jumamosi. Alikubali kwa shida, kama mtu anayetoa figo.

*

Jumatano mchana Bi Karani alikuja dirishani kupunguziwa gauni. Bi Karani alikuwa jirani yao, amepanga chumba cha upande wa pili wa ua. Alifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya ardhi, na sasa amestaafu.

"Nasikia mnatuacha," alisema.

"Tukijaliwa. Jumamosi tunapeleka malipo." Mama Chiriku alitia pini kwenye gauni. "Bi Karani, nikuulize jambo. Wewe ulikuwa huko huko ardhi. Mbona hukununua nyumba?"

Bi Karani alicheka. "Nilinunua, mwanangu. Nikauza. Ilikuwa mbali na hospitali, na paa lake lilitaka fundi kila msimu. Sasa hivi paa likivuja namwita Mzee Funguo. Analia yeye, mimi nakunywa chai."

"Kwa hiyo unasema tusinunue?"

"Sijasema hivyo. Nimekupa habari zangu tu. Niliwaona waliopanga miaka mingi wakajuta, na niliwaona walionunua wakajuta. Wote walikuja kwenye meza yangu. Wewe usiniulize kipi ni bora. Niambie nyumba yenyewe ikoje."

Seremala alikuwa amerudi kula. Alikaa kizingitini na sahani mapajani. Hakumwacha mke wake ajibu.

"Milango usiseme, Bi Karani. Kila mlango umeungwa chini. Kazi ya mtu anayejua."

"Kila mlango?"

"Kila mlango."

"Chini?"

"Chini. Kimo kimoja, kama mtu kapiga mstari nyumba nzima."

"Na kwa nini aliiunga?"

Seremala alifungua mdomo ajibu. Kijiko kilibaki hewani.

Mama Chiriku alimtazama. Alimwona anapima kitu kwa macho, kutoka sakafuni hadi karibu na goti.

"Baba Chiriku, nini?"

"Mlango mmoja ukioza chini, una ugonjwa wake," alisema polepole. "Milango yote ikioza kimo kimoja..." Akaweka sahani chini. "Maji yaliingia mle ndani. Yaliingia, yakakaa. Na mimi nilichuchumaa pale nasifia kiungo. Mimi, fundi wa milango."

"Ndiyo maana uliona kiungo," alisema Bi Karani. "Uliangalia kazi ya fundi mwenzako. Sasa rudini mkaangalie nyumba."

"Lakini Jumamosi zimebaki siku tatu tu," Mama Chiriku alisema. "Na kuna yule mtu wa Jumatatu mwenye fedha mkononi."

"Jumatatu imepita, mwanangu. Leo Jumatano. Yuko wapi?"

Mama Chiriku aliziweka pini chini.

Bi Karani alivuta kiti, akakaa vizuri. "Sikilizeni. Nyumba haitazamwi mara moja tu. Nendeni siku ya kazi, bila dalali. Mvua ikinyesha, nendeni na mvua hiyo hiyo. Ongeeni na majirani, maana wao hawawauzii kitu. Mkiona bado mnaitaka, ndipo mnakwenda ofisi ya ardhi. Huko mnauliza kiwanja kiko kwa jina la nani. Je, ndiye anayeuza? Je, kina kesi? Je, kimewekwa rehani? Je, panaruhusiwa kujengwa? Hayo yakiwa sawa ndipo fedha inatoka. Nayo haipewi dalali. Anapewa mwenye mali, kwa maandishi, mbele ya mashahidi."

"Hatukuuliza hata moja," Mama Chiriku alisema.

"Wengi hawaulizi. Nyumba ikikupendeza, inakuziba mdomo."

*

Mvua ilinyesha usiku ule. Alhamisi asubuhi Seremala hakufungua karakana. Wakapanda basi, yeye na mke wake, miavuli miwili na roho juu.

Kwenye mteremko maji yalikuwa yanatangulia mbele yao. Yaliteremka kama yanajua njia. Walipofika, nyumba ilikuwa imefungwa. Maji ya kahawia yalikuwa yamesimama kwenye kila mlango wa nje, juu ya kizingiti.

Kwenye nyumba ya jirani, mama mmoja alikuwa anasukuma maji nje kwa ufagio. Walimsalimu. Aliitikia bila kuacha kufagia.

"Mnamtafuta nani?"

"Tunaitazama nyumba hii. Tumeambiwa inauzwa."

"Ile ya milango?" Mama yule alisimama, akaegemea ufagio. "Msimu uliopita alimwita fundi tena. Karibuni ndani, msisimame kwenye tope."

Ndani kitanda kilisimama juu ya matofali. Kabati nalo lilisimama juu ya matofali. Magunia ya nafaka yalikuwa mezani, na meza nayo juu ya matofali. Nyumba nzima ilikuwa kama imepandisha nguo ivuke mto.

"Mama, mnaishije hapa?" Mama Chiriku aliuliza.

"Tunaishi. Tutafanyaje? Mimi nilinunua kiangazi. Nilikuja mara moja, jua linawaka, nikapenda, nikalipa. Mvua ndiyo iliyokuja kunionyesha nimenunua nini."

"Si uuze?"

Mama yule alimtazama kwa upole. "Nimuuzie nani? Wewe?"

Seremala na mke wake walirudi mjini kwa basi, viatu vimejaa tope.

*

Mambo yangeishia hapo. Lakini Ijumaa dalali alikuja dirishani, akiwa na uso wa msiba na habari ya harusi.

"Nimesikia mlikwenda. Yale ni maji ya kupita tu. Mnainua sakafu kidogo, kwisha kazi. Na mwenye nyumba amepunguza bei."

Akaitaja bei mpya.

Moyo wa Mama Chiriku ulirudi kule kule. Alisahau matofali, alisahau ufagio. Aliona vyumba vitatu na geti lake mwenyewe.

"Tupe wiki moja tufikiri," Seremala alisema.

"Wiki? Kuna mtu anakuja Jumatatu."

"Jumatatu ipi sasa?" Mama Chiriku aliuliza.

Dalali alijikuna shingo. "Jumatatu hii nyingine," alisema, akaondoka.

Dalali alipotoweka barabarani, Mama Chiriku alimgeukia mume wake. "Tunaweza kuinua sakafu."

"Sakafu ikipanda, hakuna mlango utakaofunguka."

"Wewe si seremala? Kata milango."

"Nitaikata. Na madirisha yatakuwa magotini. Na maji yakipanda zaidi?"

"Basi niambie," alisema, na sauti yake ikaanza kukatika. "Mzee Funguo akitutoa, tunaenda wapi? Niambie mtaa. Mimi nimechoka kubeba cherehani. Nimechoka kuwaambia wateja nimehama. Wewe karakana yako haihami. Ninayehama ni mimi."

Seremala alishika tama. Hakuwahi kulifikiria hivyo. Pembeni, Chiriku, aliyekuwa anamsimulia mwanasesere wake habari ndefu, alinyamaza.

Jioni walimwendea Bi Karani. Aliwasikiliza wote wawili, kila mmoja kwa zamu yake, maana mwanzoni waliongea kwa pamoja.

"Mmeyafunga maswali mawili kwenye fundo moja," alisema. "La kwanza ni kama nyumba ile inawafaa. La pili ni namna ya kulala bila hofu ya kufukuzwa. Tuyafungue. Hilo la kwanza, mama, nakupa kazi. Siku moja, ishi kama mkazi wa kule. Anza siku yako kule, mpeleke mtoto shule kutoka kule, ushone kule. Jioni utajua."

"Na wifi anasema tukope kinachopungua," Seremala alisema.

"Kukopa si dhambi. Watu wengi wamepata nyumba kwa mkopo mzuri. Lakini mkopo nao ni mwenye nyumba, tena asiyejua msiba wala ugonjwa. Jiulizeni, mkishalipa kila kitu, kinabaki nini mtoto akipata homa?"

*

Jumatatu, kabla jua halijatoka, Mama Chiriku alimwamsha mtoto wake. Walipanda basi mpaka kule. Wakasimama mbele ya nyumba yenye milango mizuri, wakageuka, wakaanza siku yao.

Walipanda mteremko. Tope lilishika kiatu cha Chiriku, wakarudi kukitoa. Kituoni basi la kwanza lilipita limejaa. La pili lilisimama, lakini halikufika shuleni, ikabidi washuke wapande lingine. Chiriku aliongea mpaka basi la pili. Katika la tatu alilala mdomo wazi. Walipofika shuleni, wenzake walikuwa wameshaingia darasani, na mlinzi alimtazama Mama Chiriku kana kwamba ni yeye aliyechelewa kuamka.

Akarudi kule, na kapu la sare za kumalizia kwa mkono. Jirani mwenye ufagio alimpa kiti barazani. Mama Chiriku alishona na kutazama njia. Alipita mtu na baiskeli. Walipita mbuzi wawili. Baada ya muda mrefu yule mtu wa baiskeli alirudi.

"Dada, hapa watu wanashona wapi sare?" Mama Chiriku alimuuliza jirani.

"Sare?" Jirani alicheka. "Sare tunazifuata huko huko mjini. Kuna mama mmoja anashonea dirishani, ana mkono mzuri sana."

Mama Chiriku alicheka naye. Lakini sindano ilikuwa imesimama.

Aliporudi nyumbani na mtoto, alikuta mteja wake wa siku nyingi getini.

"Nilikuja asubuhi, dirisha limefungwa," mteja alisema. "Nikadhani mmehama tena. Kitambaa nimempa yule wa kona. Samahani, sikujua."

Usiku, baada ya kula, Mama Chiriku alimwambia mume wake, "Sitaki kule."

Seremala alimngoja.

"Nilitaka kuta zangu," aliendelea. "Sikuwa nimejiuliza kuta zenyewe zimesimama wapi. Nauli ya watu wawili kila siku, wateja wanaoondoka, sakafu ya kuinua, mkopo juu yake. Tungekuwa na nyumba, halafu tusiwe na cha kula ndani yake. Siku moja tu nimepoteza mteja. Mwaka je?"

"Na bei waliyopunguza?"

"Wampunguzie huyo mtu wa Jumatatu."

Seremala alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

*

Lakini swali la pili lilibaki. Akiba ilikuwa salama, na hofu ilikuwa pale pale. Kesho yake Bi Karani aliwauliza, "Mzee Funguo mmewahi kumuuliza alimaanisha nini?"

"Aliposema nini?"

"Aliposema tutaona."

Mume na mke walitazamana. Mwezi mzima walikuwa wamekosa usingizi kwa ajili ya jibu ambalo hawakuwahi kuliomba.

Jumapili wakamwendea Mzee Funguo sebuleni kwake, Bi Karani akiwa pamoja nao. Mzee aliwakaribisha, akaweka funguo zake mezani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mmekuja wengi. Kuna usalama?"

"Usalama upo," Seremala alisema. "Mzee, ulituambia kijana anaoa, na vyumba tutaona. Tumekuja kujua."

Mzee Funguo alifikiri. "Nilisema hivyo? Mimi tutaona nasema kwa kila jambo. Hata daktari namwambia tutaona."

"Na kijana?"

"Kijana anataka kuoa, ndiyo. Mchumba ndiye hajamtaka."

Bi Karani alikohoa ili asicheke. Mama Chiriku hakucheka. Alikuwa amekuja na maneno yake, na aliogopa yatamtoroka.

"Mzee, sisi tunapenda kukaa hapa. Lakini tunakaa kwa maneno ya mdomo. Ukibadili mawazo asubuhi, jioni tuko nje. Na sisi tukiondoka ghafla, wewe unabaki na vyumba vitupu. Tunaomba mkataba wa kuandika. Miaka miwili. Kodi ijulikane, na isipande katikati. Tukilipa, tupate risiti."

"Mnataka kunipeleka mahakamani?"

"Tunataka mimi na wewe tusifike huko."

Mzee alizungusha funguo mezani. "Na mimi napata nini?"

"Fremu za madirisha ya nyuma zimeoza," Seremala alisema. "Wewe nunua mbao, kazi nitafanya mimi. Tukubaliane thamani yake, ikatwe kwenye kodi."

"Na hilo nalo liandikwe," Bi Karani alisema. "Leo mnacheka. Mwakani mmoja wenu atasema hakumbuki."

Mzee Funguo aliguna. Akasema tutaona. Kisha akawaona wanavyomtazama, akasema, "Haya, haya. Leteni kalamu."

Bi Karani aliandika wakielewana. Halafu Mama Chiriku akaomba asome mwenyewe, kwa sauti, kabla mtu hajatia sahihi. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mahali fulani akasimama.

"Hapa tumesema anayetaka kuvunja mkataba atoe taarifa mapema. Mapema ni lini? Kwa mzee labda ni wiki. Kwangu mimi mwenye cherehani, wiki si mapema."

"Una haki," Bi Karani alisema. Wakaandika miezi mitatu, kwa pande zote mbili. Waliandika pia nani anatengeneza kitu gani kikiharibika. Wakatia sahihi, Bi Karani naye akatia kama shahidi. Kila upande ukabaki na nakala yake.

Wifi alipopata habari alikuja siku hiyo hiyo, bila hodi.

"Kwa hiyo mtakuwa wapangaji mpaka lini?"

"Mpaka tupate kwetu, wifi. Kiwanja kidogo, karibu na kazi, na tuwe tumekiona na jua na mvua. Akiba tunaendelea kuweka. Tumekataa kukimbizwa tu."

"Na mimi nitawacheka mpaka lini?"

"Wewe cheka upendavyo, ilimradi ukija kucheka uje na kitambaa nikushonee."

Wifi alijaribu kununa. Akashindwa. Wiki iliyofuata alikuja na kitambaa cha suti na maneno mapya.

Seremala alibadilisha fremu za nyuma, na mwisho wa mwezi kodi ilipungua kama walivyoandika. Kwa ruhusa ya Mzee Funguo, alitengeneza pia kibao cha mbao na kukipigilia nje, juu ya dirisha la mke wake. Sare za Shule, kilisema. Geti likilia sasa, Mama Chiriku aliinua kichwa kumtazama anayeingia, kisha akaendelea na mshono.

Mchana mmoja mwalimu mkuu wa shule ya jirani alisimama chini ya kibao kile. Chiriku alikuwa dirishani, akimpangia mama yake vifungo kwa rangi.

"Mama, nina kazi kubwa," mwalimu alisema. "Sare za madarasa mawili. Lakini ni za muhula ujao, na kitambaa nataka nikiache kwako mapema. Nisije nikarudi nikakuta dirisha limefungwa. Muhula ujao mtakuwepo?"

Mama Chiriku alikuwa na pini mdomoni. Kabla hajazitoa, Chiriku aliinua uso kutoka kwenye vifungo.

"Sisi tunakaa hapa," alisema.